Mbwa hana kesi hapa: mhadhara wa kala-azar, Marigat

Haya, wazee wangu hamjambo, wamama hamjambo, wahudumu wa afya ya jamii nawaona mmejaa huku nyuma, sogeeni kuna viti. Kala-azar mnaijua, ni ugonjwa wa kimelea kinacholetwa na nzi wa mchanga na kuvimbisha wengu, hapa Baringo nani hajaona mtoto mwenye tumbo limejaa wengu akidungwa sindano siku 17, kwa hivyo sitaanza na dalili. Nimekuja na neno moja na wengine wenu mshalisikia kwangu mara nyingi, leo mtalisikia tena: acheni kuua mbwa.

Miaka kadhaa nyuma nilifika boma moja asubuhi, watoto wawili wa hapo walikuwa wamelazwa na kala-azar. Nikashuka kwa pikipiki na kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba hakuna kilichobweka, na nyinyi wafugaji mnajua boma lisilobweka lina shida. Kumbe kuna mtu wa ofisi fulani alipita, akawaambia huu ugonjwa unatoka kwa mbwa, basi sumu ikatiwa kwa nyama, mbwa wote wakamalizwa usiku mmoja. Mama wa wale watoto akaniuliza, daktari, sasa tuko salama? Na wakati ananiuliza hivyo, mtoto wake wa tatu, kama miaka sita hivi, alikuwa amekaa juu ya kichuguu na fimbo yake, kifua wazi, akiangalia mbuzi. Alikuwa anakaa hapo kila jioni mpaka giza liingie. Miezi mitano baadaye nikamkuta huyo huyo mtoto hospitali, homa haishuki, wengu umefika kitovuni. Mbwa walikuwa wameshaoza zamani! Na fisi ndio walikuwa wanajichukulia mbuzi wa ile familia, hao mbuzi ndio wangeuzwa mtoto apate nauli.

Sasa hii habari ya mbwa ilitoka wapi, manake si uongo, ni ukweli wa kwingine ulioletwa hapa bila kuulizwa unafaa au haufai. Mwaka 1908 kule Tunis, Tunisia, mtafiti Mfaransa Charles Nicolle na mwenzake walikuta kimelea cha kala-azar ndani ya mbwa, na ni kweli kabisa, ukizunguka bahari ya Mediterania, na ukienda Brazil, kimelea cha huko kinaitwa Leishmania infantum na mbwa ndiye mbebaji mkuu. Mbwa anakonda, manyoya yanatoka, kucha zinarefuka ajabu, na wengi wao hawaonyeshi dalili yoyote lakini ngozi yao ina vimelea, nzi wa mchanga akimuuma mbwa halafu amuume mtoto, kazi imekwisha. Hapa kwetu ni Leishmania donovani. Ni ndugu wa yule, lakini tabia si moja. Huyu wetu kwa yote yanayojulikana anatoka kwa mtu, anapita kwa nzi, anaingia kwa mtu mwingine.

Na hata huko ambako mbwa kweli ana kesi, kumuua hakujasaidia! Hapa ndipo huwa nakasirika. Brazil wameua mbwa kwa miongo, maelfu kwa maelfu, kwa amri ya serikali. Na ugonjwa uliokuwa wa mashambani ukaingia mijini, ukaingia Teresina mwanzoni mwa miaka ya 80, baadaye Belo Horizonte na miji mingine mingi. Kwa nini? Fikirieni kama wafugaji, si kama watu wa ofisi. Mbwa anatolewa damu leo, majibu yanakuja baada ya wiki nyingi, muda wote huo nzi wanamnywa. Mwenye mbwa akisikia wanakuja anamficha kwa shemeji yake. Na yule aliyeuawa nafasi yake haikai wazi, watoto wanalia, baba analeta kambwa kadogo kapya, hakana kinga yoyote, nzi ni wale wale, ukuta ni ule ule, baada ya muda kanakuwa kagonjwa kuliko yule wa kwanza. Yaani umetoa mbwa mmoja ukaweka mwingine aliye rahisi kuambukizwa. Kule Iran kaskazini magharibi walifanya tofauti, mbwa wakavalishwa mkanda wa shingoni wenye dawa ya kufukuza na kuua nzi, na mwaka 2002 matokeo yakatoka, watoto wa vijiji hivyo waliambukizwa kidogo kuliko wa vijiji ambavyo mbwa hawakuvaa. Mbwa yuko hai, mtoto yuko hai. Brazil yenyewe mwaka 2021 ikaanza kugawa mikanda.

Najua kuna mtu hapa, pengine wewe daktari wa mifugo, anataka kuniambia mbona mbwa wamekutwa na vimelea hata Kenya, hata Sudan na Ethiopia. Ndio, wamekutwa. Lakini kukutwa na kimelea si sawa na kukisambaza. Ukinyeshewa una maji mwilini, hiyo haikufanyi wewe kuwa mto. Swali ni moja tu: nzi msafi akimuuma, anaondoka na kimelea? India walilifanyia kazi swali hilo kwa watu, wakaweka nzi wasafi wawaume wagonjwa, na waliowaambukiza nzi ni wale wenye kala-azar yenyewe na wale wanaotokwa na madoa baada ya matibabu. Waliokuwa na kimelea bila kuugua hawakuambukiza nzi hata mmoja.

Na Hispania pia, nisisahau, kusini magharibi mwa Madrid, mji wa Fuenlabrada, mlipuko ulianza 2009, mamia ya watu wakaugua, kila mtu akaangalia mbwa, mbwa wakapimwa, wala si wao. Walikuwa ni sungura wa porini waliozaliana kwenye bustani kubwa mpya karibu na makazi. Hao ni Wazungu na maabara zao zote na nchi ni ya mbwa kweli, na bado mbwa alisingiziwa.

Naonyeshwa saa, haya, nakimbia.

Vichuguu. Nzi wetu, Phlebotomus martini, anakaa ndani ya vile vishimo, ni mdogo wa milimita 2 au 3, halii kama mbu kwa hivyo husikii akija, anatoka jua likizama. Msikae juu ya kichuguu jioni, watoto msiwaruhusu, na wanaolala nje na mifugo walale ndani ya neti yenye dawa, na iwe ya matundu madogo.

Homa ikizidi wiki 2, malaria imepimwa haipo au imetibiwa na homa bado, na wengu unaguswa, mpeleke akapimwe kala-azar, usimrudishie vidonge vya malaria mara ya tatu. Asipotibiwa zaidi ya 95 kati ya 100 wanakufa. Sudan Kusini, eneo la Upper Nile Magharibi, kati ya 1984 na 1994 inakadiriwa walikufa watu 100,000, vita vikiwa vimewafungia dawa. Na kila mgonjwa anayekaa nyumbani miezi mitatu bila dawa, yeye ndiye nzi wanamnywa, si mbwa wenu Simba pale mlangoni.

Yale madoa: aliyepona akitokwa na vipele au madoa meupe usoni miezi kadhaa baadaye, msimwambie ni chunusi. Sudan ilionekana kwa karibu nusu ya waliotibiwa, huku kwetu ni wachache, lakini wapo, na hakuna anayewatafuta. Nilitaka kuongelea pia lishe, ukame na wagonjwa wanaovuka mpaka kwenda kutibiwa Amudat, Uganda, lakini chakula kimefika.

Yule mama aliyeniambia kijana wake ana madoa kwenye mashavu tangu mwezi wa nne, usiende kula kwanza. Njoo na simu hapa nione hiyo picha.