Risasi Mbili Njiani Karen: Kesi ya Lord Erroll

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nitaanza na watu ambao simulizi nyingi za kesi hii huwapita haraka mno: Waafrika wawili waliokuwa na lori la maziwa usiku wa tarehe 24 Januari 1941. Karibu na njia panda ya Karen, nje ya Nairobi, saa tisa usiku, waliona gari aina ya Buick limetumbukia kwenye shimo la murram, taa zake bado zinawaka. Ndani, chini ya usukani, palikuwa na mtu amejikunja. Wakaenda kutoa taarifa polisi.

Mtu yule alikuwa Josslyn Hay, Lord Erroll, kigogo wa walowezi na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kwanza ilidhaniwa ni ajali. Maiti ikaondolewa, watu wakakanyagakanyaga pale pale penye alama za magurudumu na nyayo. Tundu la risasi nyuma ya sikio lilikuja kutambuliwa baadaye, alipooshwa damu. Kwa maoni yangu kesi hii iliharibikia hapo, kando ya barabara, miezi kadhaa kabla jaji hajaketi. Fikirini viti vya nyuma vya gari lile vilivyokuwa na madoa meupe kama ya dawa ya kung'arishia viatu. Je, muuaji alikuwa ameketi nyuma? Nani angejua, baada ya eneo zima kuvurugwa?

Polisi walimkamata Sir Jock Delves Broughton mwezi Machi. Sababu ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Alifika Kenya mwishoni mwa 1940 na mke mpya, Diana, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 30. Haikupita muda, Diana na Erroll wakapendana waziwazi. Jioni ya tarehe 23, pale Muthaiga Club, klabu ya walowezi jijini Nairobi, Broughton mwenyewe aliinua glasi na kuwatakia heri hao wawili. Halafu akamwomba Erroll amrudishe Diana nyumbani kufikia saa tisa usiku. Erroll alimrudisha mapema kuliko hapo, akaondoka, na hakufika mbali.

Kesi ilianza tarehe 26 Mei, mbele ya Jaji Mkuu Sheridan, na anayeshtakiwa akikabiliwa na kitanzi. Hapa niruhusuni nisimame kidogo. Mzungu aliposhtakiwa kwa mauaji katika Kenya ile, aliamuliwa na jopo la Wazungu wenzake. Mwafrika alisimama mbele ya jaji na wazee wa baraza, na jaji hakufungwa na maoni yao. Mji mmoja, kosa moja, mizani miwili. Sisemi Broughton aliachiliwa kwa rangi yake, kwa sababu ushahidi wenyewe ulikuwa na pengo. Lakini sitaki tulisahau.

Pengo lilikuwa kwenye risasi. Siku chache kabla ya mauaji, Broughton alitoa taarifa kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa. Upande wa mashtaka ukasema moja ya hizo ndiyo iliyoua. Walikuwa wameokota risasi kwenye shamba la Nanyuki alikofanya mazoezi ya shabaha, wakazilinganisha na zile mbili za kwenye Buick.

Sasa, mtutu wa bastola ndani una mifuo inayozunguka, ili risasi itoke ikijizungusha. Mifuo hiyo huacha chapa kwenye risasi, kama muhuri. Wakili wa utetezi Harry Morris, aliyeletwa kutoka Johannesburg, alishikilia jambo moja tu: Colt ina mifuo sita inayozunguka kushoto. Risasi zilizomuua Erroll zilikuwa na chapa za mifuo mitano, zikizunguka kulia. Basi hazikutoka kwenye Colt. Bastola yenyewe haikuwa imepatikana, kwa hiyo hapakuwa na cha kumjibu.

Tarehe 1 Julai Broughton aliachiliwa huru. Desemba 1942 alikufa hotelini Liverpool kwa kuzidisha mofini. Diana alibaki Kenya, akaolewa tena mara mbili.

Mengi yamesemwa tangu hapo kuhusu nani aliua: Diana, wapenzi wa zamani wa Erroll, hata majasusi wa Uingereza, kwa kuwa Erroll aliwahi kujiunga na chama cha mafashisti. Nimeyasikia yote, na kila moja linakwama palepale: bastola haipo. Erroll mwenyewe amelala Kiambu, kwenye uwanja wa kanisa la St Paul, kando ya mke wake Mary aliyemtangulia mwaka 1939.