"Unalipwa Kuchora Viduara?" Leo Najibu

Haya jamani, karibuni tena. Swali hili limejaa kwenye maoni mpaka nimeona nikiendelea kunyamaza mtasema nina dharau: "Ulivuka bahari kwenda kuchora viduara vinavyotambaa kwenye kompyuta?" Sijaja kujigamba, wala sijaja kulia. Najibu tu.

Vile viduara ni seli, ninaziiga kwenye kompyuta kwa hesabu. Kwamba kidonda hufunga kwa seli kuhama, na saratani husambaa hivyohivyo, mnajua, sikai hapo. Ninachotafuta ni hiki: seli haina macho wala ubongo, inajuaje mbele ni wapi?

Chukua protini za aina ya Rac, ambazo ndani ya seli hufanya kazi kama swichi. Zikiwashwa zinashika kwenye utando, yaani ngozi ya nje ya seli, na kusambaa polepole. Zikizimwa zinaelea ndani ya seli, zinasambaa haraka. Chochea upande mmoja, wimbi la zilizowashwa litaanza kwenda upande wa pili. Lakini linavyosonga linakula akiba ya zilizozimwa, na akiba ikipungua wimbi linakwama njiani. Seli imeshapata mbele na nyuma! Wanahisabati Mori, Jilkine na Edelstein-Keshet waliiandika hadithi hii mwaka 2008 kwa milinganyo miwili tu. Siku niliyoielewa sikulala. Hapo mbele ndipo nyuzi za aktini, protini inayoipa seli umbo, hurefuka, kila kipande kikiongeza nanomita 2.7 hivi, zinasukuma utando na umbo la seli linabadilika.

Sasa pesa. Posho yangu ni ya mwaka mmoja mmoja, na kibali cha kukaa kinafuata posho. Mara ya mwisho ofisi ilirudisha fomu zangu mara mbili: wananiuliza mtu wa hisabati anafanya nini kwenye utafiti wa seli. Miezi mitatu posho imesimama, na kompyuta kubwa ya kazi nimefungiwa. Miezi hiyohiyo ndugu yangu wa damu ananiandikia, "Wenzako wanajenga." Iliniuma, na bado inaniuma.

Mnaouliza msome nini, jamani, kila mtu na njia yake. Mimi nilitokea hisabati, ninaokaa nao wengine walitokea fizikia, wengine udaktari. Yangu isikupoteze. Ila kama unapenda hesabu, anza na milinganyo hiyo miwili. Kompyuta ya kawaida na Python, lugha ya kuandikia programu ambayo ni ya bure, vinatosha. Kisha fanya protini zilizozimwa zisambae polepole sawa na zilizowashwa, uone mbele na nyuma vinavyofutika.