Njiti Akianza Kudai Oksijeni Upya, Papasa Kinena

Ndugu wauguzi na madaktari mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na hapa Dodoma mjini, nianzie siku ya nne tangu mtoto azaliwe. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 27, gramu 900, alikuwa ametulia kwenye CPAP, mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yabaki wazi. Leo anadai oksijeni zaidi. Wengi hukimbilia kuongeza oksijeni. Nawasihi, vidole viende kwanza kwenye kinena, vipapase mapigo.

Kabla ya kuzaliwa, kimfereji kiitwacho daktasi hupitisha damu kutoka ateri ya mapafu kwenda aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, maana mapafu bado hayavuti hewa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni hujifunga ndani ya siku tatu hivi. Kwa njiti wa chini ya wiki 28, mara nyingi hubaki wazi. Mwanzoni mapafu yake ni magumu kwa kukosa safaktanti, ule utando unaozuia vifuko vya hewa kunata. Yanapolegea, damu ya aota hugeuza njia, hupita kwenye daktasi na kuyafurika. Ndiyo maana mtoto huharibikiwa pale tu alipoanza kupata nafuu! Mapigo yanaruka chini ya kidole, kifua kinatikisika upande wa kushoto, presha ya chini inashuka, mkojo unapungua.

Mashine nayo ikaguliwe dakika hiyohiyo. Presha ya CPAP ya mapovu ni kina cha bomba ndani ya maji, basi. Ukiweka sentimita 6, na kwa ukavu wa upepo wetu wa Agosti maji yakashuka sentimita 2, mtoto amepoteza theluthi ya msaada na hakuna kengele iliyolia. Mapovu yakikoma, tafuta hewa inakovujia: puani, mdomoni, au kwenye viungio. Vijibomba visiguse ukuta wa kati wa pua. Acha milimita 2, la sivyo kidonda. Oksijeni ya damu ibaki kati ya asilimia 90 na 95. Kumwacha kwenye 100 kunaharibu retina ya jicho na mapafu yaleyale tunayoyaokoa.

Si kila daktasi iliyo wazi hutibiwa. Nyingi hujifunga zenyewe, na eko ya moyo, kipimo cha mawimbi ya sauti, ndiyo hutuamulia. Daktari akiagiza ibuprofeni, dawa ya kusaidia daktasi ijifunge, ni miligramu 10 kwa kilo, kisha 5 na 5, kila baada ya saa 24. Kwa gramu 900, dozi ya kwanza ni miligramu 9. Sirapu yenye miligramu 100 katika mililita 5 inakupa mililita 0.45. Andika sifuri kabla ya nukta, msomee mwenzako kwa sauti, vuta kwa siringi ya mililita 1. Ukivuta 4.5 umempa mara kumi.

Kabla ya kila dozi, pima nepi. Uzito wake ikiwa kavu uandikwe kwa kalamu juu yake. Kila gramu iliyoongezeka ni mililita moja ya mkojo. Kwa mtoto huyu, ukipata chini ya mililita 3 katika saa 6, figo zimelemewa: usimpe dozi, mwite daktari.