Beseni la Maseno

WAFULA: Karibuni tena. Ni Wafula na Madam Akinyi, tuko Kisumu kama kawaida. Leo tuna mambo matatu kwa ajili ya walimu wote walio kwenye TP, yaani mazoezi ya kufundisha, tumeyaandika kabisa. Lakini kwanza, Madam, habari ya beseni imenifikia mpaka stafurumu ya kwetu.

AKINYI: Mwalimu, imekufikia na nani?

WAFULA: Maseno ni padogo. Sema.

AKINYI: Haya. Nilikuwa na watoto wa JSS, sekondari ya chini, tunafanya latitudo. Mtathmini ameketi nyuma na faili lake. Nimefika kwenye ikweta, na pale shuleni ikweta si mstari wa kitabuni. Ukitoka getini ukishika barabara ya Busia, unapita ule mnara wake. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza kama ni kweli maji yakitoka kwenye tundu huzunguka upande mmoja kaskazini ya ikweta na upande mwingine kusini. Ameona video kwenye simu ya mjomba wake, vijana wanawaonyesha watalii.

WAFULA: Na wewe ukamwambia, swali zuri, tutalirudia kipindi kijacho.

AKINYI: Nikamwambia twende nje tukaangalie. Jikoni kulikuwa na beseni limetoboka chini.

WAFULA: Lenye tundu tayari! Hilo beseni lilikuwa linakungoja.

AKINYI: Tukaziba tundu kwa kidole, tukajaza maji, tukaweka jani juu, tukaachilia. Jani likazunguka kulia. Tukarudia, likaenda kushoto. Tukarudia tena, maji yakashuka tu bila kuzunguka. Watoto walitoka darasani wakikimbia, wakarudi wakiburura miguu. Kengele ikalia. Yule msichana akaniuliza, "Madam, beseni letu ni bovu?" Na mtathmini akaandika kwamba lengo la somo halikufikiwa.

WAFULA: Pole sana. Hilo linauma, hasa ukiwa bado mwanagenzi.

AKINYI: Lilinikosesha usingizi. Si alama, Mwalimu, ni ile sura ya yule mtoto.

WAFULA: Lakini ngoja. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye ikweta njia ya Mogotio, nikaona maji yakizunguka huku na huku.

AKINYI: Ulitazama maji au ulitazama mkono wa anayemimina?

WAFULA: Nilitazama maji. Ndiyo niliyolipia.

AKINYI: Basi hapo ndipo penyewe. Maji yakimiminwa kutoka upande mmoja wa beseni hubaki na mwendo hata ukiyaona yametulia. Ukifungua tundu, ule mwendo mdogo ndio unaokua. Anayeonyesha akigeuka kabla ya kumimina, ameshachagua jibu.

WAFULA: Kwa hiyo dunia haina kazi hapo? Hata tufani huzunguka kwa sababu ya dunia kujizungusha, hilo nimelifundisha miaka yote.

AKINYI: Na umelifundisha sawa. Mfaransa Coriolis aliandika juu ya nguvu hiyo mwaka wa 1835. Idai, ile tufani iliyopiga Beira kule Msumbiji mwaka wa 2019, ilizunguka kufuata mwendo wa saa kwa sababu ilikuwa kusini ya ikweta. Za kaskazini huzunguka kinyume. Lakini tufani ina upana wa mamia ya kilomita na hukaa siku nyingi. Beseni hutoka maji kwa dakika moja. Isitoshe, nguvu yenyewe kwenye ikweta ni sifuri. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, sasa hatua ishirini kutoka mnarani, kaskazini au kusini, zitabadilisha nini?

WAFULA: Yaani hakuna beseni lolote duniani linaloweza kuonyesha hilo?

AKINYI: Lipo. Mwaka wa 1962, mwanasayansi Ascher Shapiro pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitumia tangi la karibu mita mbili kwa upana, akayaacha maji yatulie siku nzima, kisha akafungua tundu dogo katikati. Yakazunguka kinyume cha saa. Mwaka wa 1965 wengine wakarudia kule Sydney, Australia, kusini ya ikweta, yakafuata saa.

WAFULA: Siku nzima! Na hapo shuleni wapishi wanangoja beseni waoshee sukuma.

AKINYI: Mwalimu, beseni limetoboka, hawaoshei kitu.

WAFULA: Basi nitakuletea la kwangu, zima, ulitoboe. Mke wangu asisikilize kipindi hiki. Sasa tuseme ukweli. Yote haya unayajua. Kwa nini hukumjibu mtoto kwa sentensi mbili ukaendelea na somo? Una dakika 40. Andalio la somo lilisema latitudo. Azimio la kazi, mpango wa masomo ya muhula, halikungoji. Watoto wameondoka bila latitudo na bila jibu la maji.

AKINYI: Wameondoka wakiwa wameona kwa macho yao kitu ambacho video haikuwaambia.

WAFULA: Wameondoka wakidhani beseni ni bovu! Umeniambia mwenyewe.

AKINYI: Kwa hivyo kipindi kijacho kila kundi litakuwa na chombo chake. Wataandika kulia au kushoto ubaoni mpaka ubao ujae, halafu nitawauliza: kama dunia ndiyo inayoamua, mbona imegawanyika hivi? Nikiwaambia mimi, watanakili tu.

WAFULA: Na nusu ya darasa ambayo haikuuliza swali hilo? Wale wanaotaka kujua tu kusoma ramani? Wao pia ni wanafunzi wako. Nimeona walimu wazuri wakifuata kila swali, na mwisho wa muhula mtoto hawezi kupata Kisumu kwenye atlasi.

AKINYI: Na mimi nimesomeshwa na walimu waliomaliza silabasi yote, nisikumbuke hata somo moja.

WAFULA: Hilo si jibu.

AKINYI: Ni jibu langu.

WAFULA: Mimi ningebaki darasani. Ningelitoa beseni siku ya Ijumaa, baada ya vipindi.

AKINYI: Ijumaa swali limeshakufa, Mwalimu.

WAFULA: Halifi kama ni zuri.

AKINYI: Kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu? Linakufa.

WAFULA: Hapo hatutakubaliana. Na nimeoneshwa saa. Tumebakiza dakika moja.

AKINYI: Na yale mambo matatu?

WAFULA: Hatujagusa hata la kwanza. Walimu wa TP mtusamehe, yatasubiri wiki ijayo. Unarudi lini kwa lile darasa?

AKINYI: Jumatatu, kipindi cha tatu.

WAFULA: Mtathmini atakuwepo?

AKINYI: Nimemwalika mwenyewe.

WAFULA: Wewe! Haya, tunakata.