Ukishusha gari, kapime alaimenti

Tairi hili mezani baadhi yenu mmeshaliona, maana natembea nalo kila ninapoitwa kuzungumza. Aliye mbele alishike. Upande wa nje kashata zote (yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara) zipo, utadhani limenunuliwa juzi. Sasa peleka vidole upande wa ndani, taratibu usijichome. Hizo zinazokukwaruza ni nyuzi za chuma.

Mwenye gari aliweka springi fupi ili gari likae chini zaidi, akaendelea na safari zake. Nilipomuuliza habari za alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, akanijibu: "Gari halivuti upande wowote, alaimenti ya nini?"

Jibu hili nalisikia kila siku, na linanikera kwa sababu limeshamaliza matairi mengi. Ukishusha gari, mikono inayoshika magurudumu hubadili pembe. Tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu ukizungusha usukani, nayo hubadili pembe, lakini kwa tao lake, lisilolingana na lile la mkono wa chini. Hapo gurudumu hulala, kichwa kikiingia ndani, na pia hugeuka likaacha kutazama mbele sawasawa. Yakitokea hayo kulia na kushoto kwa kiasi kilekile, kila tairi linamsukuma mwenzake, nguvu zinamalizana, usukani unatulia. Gari linanyooka huku linakula matairi mawili kwa pamoja!

Kulala kunaonekana kwa macho, ndiyo maana kila mtu anakuzungumzia. Kinachomaliza tairi haraka zaidi ni huko kugeuka. Pigeni hesabu: tairi lililogeuka nusu digrii, katika kila kilomita moja linaburuzwa kiubavu karibu mita 9. Pitisha kiganja juu ya kashata kwenda ndani, halafu urudishe. Njia moja ni laini, nyingine inakwaruza kama meno ya msumeno, sivyo? Tairi lililolala tu halifanyi hivyo.

Kuna atakayesema ameshafanya balansi. Balansi ni uzito kwenye rimu, inaondoa mtetemo. Haigusi pembe hata moja. Mwingine atasema ameshusha sentimita 2 tu. Sawa, kapime, kisha uniletee karatasi ya vipimo tuisome pamoja. Na wale wanaongoja springi zikae kwanza: ni kweli springi mpya hushuka kidogo mwanzoni, lakini usitembee na mwelekeo mbovu ukizisubiri. Rekebisha siku hiyohiyo, urudi kupima tena baada ya wiki mbili tatu.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: magurudumu ya nyuma nayo yapimwe. Boljointi (viungo vya duara vinavyoshika gurudumu) na tairodi zilizolegea zibadilishwe kabla ya kupima, kwa sababu kitu kinachocheza hakishiki kipimo. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya mikono, zikazwe uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu, si magurudumu yakining'inia; vinginevyo mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema. Na taa za mbele, kama mbele na nyuma havikushuka sawa, zirekebishwe pia.