Nyota ya mwaka 1006 na bamba mbili za kaboni

Habari zenu, ndugu zangu wa nyumbani. Leo niko Livermore, California. Ng'ambo ya ule uzio ndipo ilipo NIF, mtambo wa leza wenye miali 192.

Mwaka 1006 mbinguni ilitokea nyota iliyozishinda zote kwa mwanga. Ali ibn Ridwan, tabibu wa Misri, aliiona akiwa kijana, akaja kuiandika. Ilikuwa nyota inayolipuka, na mabaki yake yanatanuka hadi leo. Pale ukingoni yanapoisukuma gesi ya angani, huzuka wimbi la mshtuko, na elektroni hupata kasi ya ajabu.

Kitu kimoja kilinisumbua sana. Radi ikipiga, hewa husukumana mpaka dirisha linatikisika. Lakini gesi ya kule ni nyepesi mno, chembe zinapishana bila kugongana. Sasa hilo wimbi la mshtuko linatoka wapi?

Mwaka 2020, watafiti walioongozwa na Frederico Fiuza wa SLAC, maabara ya fizikia hapa California, walichapisha walichokiona mle NIF. Walipiga leza bamba mbili za kaboni zinazotazamana. Kaboni ikawa plazma, yaani gesi ya moto ambayo elektroni zake zimechomoka kwenye atomu, na mikondo miwili ikakutana kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Ungetarajia ipenyane, ipite zake. Haikupita! Chembe zenye chaji zikipishana hujigawa vijito vya umeme, kila kijito kikazaa usumaku wake, usumaku ukavuta vijito vingine, vikanenepa, vikasokotana. Ukuta ukasimama, ukuta wa sumaku tupu.

Mnakumbuka rede? Mtoe yule wa katikati, halafu warushaji wawili wasogeleane huku wakiurudisha mpira kwa kofi. Kila kofi linaongeza kasi. Elektroni zilichezwa hivyo ndani ya ule msukosuko, baadhi zikafikia nishati ya elektronivolti 500,000, zaidi ya mara 100 ya zile za kawaida mle ndani. Yote hayo kwa nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde, wakati mabaki ya nyota ile yana upana wa makumi ya miaka ya nuru. Kinacholinganishwa ni uwiano wa nguvu, ukubwa si hoja. Mimi hilo linanitoa machozi kabisa.

Nyota ile ilikuwa kwenye kundi la nyota liitwalo Lupus. Hapa kundi hilo linachungulia chini kabisa upande wa kusini, ila ninyi mlioko Dar, jioni za Juni linapanda juu. Mabaki hayaonekani kwa macho, lakini nitazamieni pale.