Ulilipwa mkononi, Kanada wanataka ushahidi

REHEMA: Leo tunazungumza na fundi wa umeme, mpishi wa hoteli, mhasibu wa duka la jumla: nyote mliolipwa mkononi kila mwisho wa wiki na sasa mnaomba ukaaji wa kudumu Kanada kupitia Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi. Kaka Baraka, pesa taslimu inahesabika?

BARAKA: Inahesabika. Kinachotakiwa ni kazi iwe ya malipo, si lazima malipo yapite benki. Kwa Federal Skilled Worker, mpango mmojawapo ndani ya mfumo huo, ni angalau mwaka mmoja mfululizo, saa 1,560, yaani 30 kwa wiki, ndani ya miaka 10 iliyopita. Ila ofisa wa uhamiaji wa Kanada hakujui, wala hamjui bosi wako. Anasoma karatasi tu.

REHEMA: Na ya kwanza ni barua ya mwajiri.

BARAKA: Hapo ndipo wengi wanakwama. “Namfahamu kijana huyu, ni mchapakazi” haitoshi kabisa. Barua iwe na anwani na simu ya biashara, itaje cheo chako, ulianza lini, ukaacha lini, ulifanya nini hasa, saa ngapi kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu. Msimamizi aweke jina, cheo na sahihi. Kama ulilipwa taslimu, iseme hivyo waziwazi.

REHEMA: Wapo waajiri wanaogopa, kaka. Mtu hajakupelekea NSSF hata shilingi, ukimwomba barua anaona unamchongea.

BARAKA: Naelewa woga wake, lakini anayeumia ni mfanyakazi, na hilo linaniudhi. Akikataa, andika maelezo ya kwa nini barua haipo, uambatanishe ulicho nacho: vocha za malipo, ratiba ya zamu, kitambulisho cha kazi, jumbe za WhatsApp za bosi akikupangia kazi, kiapo cha mwenzako mliyefanya naye kazi. Ofisa atapima mwenyewe.

REHEMA: Na M-Pesa?

BARAKA: Inasaidia, lakini isome vizuri. Ukipewa noti ukaziweka kwa wakala, taarifa inamwonyesha wakala. Bosi hayumo. Kama bado uko kazini, mwombe akutumie moja kwa moja kwenye simu kuanzia mwezi huu.

REHEMA: Sasa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kila Juni vijana wanajaa saiba kujaza ritani ya sufuri, yaani kusema hawana kipato, na huku wanafanya kazi.

BARAKA: Halafu barua inasema alilipwa shilingi 40,000 kwa mwezi! Karatasi zake zinagombana zenyewe. iTax, mtandao wa KRA, inaruhusu kurekebisha ritani. Tafuta mhasibu, tangaza kipato, lipa unachodaiwa, hata kama inauma.

REHEMA: Fundi anayejitegemea je, asiye na bosi?

BARAKA: Huyo mzigo wake ni mzito zaidi. Kanada wanasema kiapo chako mwenyewe au majukumu uliyojiandikia si ushahidi. Wanataka uthibitisho kwamba biashara ipo na inaingiza kipato, pamoja na karatasi za wateja: huyu ulimtandazia nyaya nyumbani, alikulipa kiasi gani, lini. Leseni ya kaunti na vitabu vya risiti tunza. Cheti cha ufundi cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ni kizuri, lakini kinathibitisha ujuzi, hakisemi ulifanya kazi miezi mingapi.

REHEMA: Na wanaouza barua za kazi mjini?

BARAKA: Msiwaguse, nawasihi. Ofisa anaweza kupiga ile simu iliyo kwenye barua. Ukipatikana umedanganya, unafungiwa miaka 5, hata kama miaka yako mingine ya kazi ni ya kweli.

REHEMA: Kanada wakikualika kuomba ukaaji, una siku 60 tu kuwasilisha kila kitu.

BARAKA: Ndiyo maana usisubiri mwaliko. Anza na mwajiri wa zamani zaidi, maana ndiye wa kwanza kufunga duka au kuhama mji. Aliye jirani utampata hata kesho.